Tonge la Mulezi

Karanga zikikaangwa popote jirani, mimi hufunga dirisha. Wajukuu wangu husema bibi ana maringo, bibi anajifanya Mzungu, karanga ni chakula cha kila mtu. Ni kweli, ni chakula cha kila mtu. Ila kwangu harufu ile haiji peke yake. Nyuma yake hufuata harufu ya mate ya vuguvugu, mate ya mtu mzima yaliyochanganyika na karanga, nyama na unga wa mkaa, na nyuma ya mate hufuata sauti nyororo ikiniambia nifumbe macho na kufungua mdomo. Miaka mingi imepita tangu kiangazi kile cha Elisabethville, mji ambao leo tunauita Lubumbashi, na nimezika watu wengi waliokuwepo. Harufu haijafa. Nasikia watu wakisimulia utoto wao kana kwamba waliishi ndani ya mzinga wa asali, nami huwasikiliza kwa heshima. Wangu una ladha ya karanga zilizotafunwa na mtu mwingine, na nitausimulia hivyo hivyo ulivyo.

Tulikaa kambini, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, zote zikiwa na mlango mmoja, dirisha moja na rangi moja. Juu yetu lilisimama bomba refu la kiwanda, na nyuma ya bomba mlima mweusi wa takataka za shaba. Wakati wa kiangazi upepo uligeuka na kutuletea moshi, moshi wenye ladha ya kiberiti, ukakaa kwenye meno na kwenye nguo zilizoanikwa. Vumbi jekundu liliingia hadi ndani ya chungu. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuri. Alikuwa ametoka kaskazini akiwa kijana, kwa reli, kama akina baba wengi pale kambini, na alikuwa Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba hata kabla ya kupiga mwayo. Kila juma tulipokea posho: unga, nyama, karanga, mafuta ya mawese na chumvi. Siku ya posho kambi nzima ilinuka karanga za kukaanga, na wakati huo, kabla ya Mulezi, niliipenda harufu hiyo kuliko ubani wa kanisani.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Baada yangu alizaa watoto wawili, na wote wawili walizikwa kabla ya kujifunza kutembea. Kisha akamzaa Prosper. Kina mama wa kambi walipaswa kuwapeleka watoto kiliniki wapimwe uzito, na mtawa wa Kizungu aliyekuwa akipima, ambaye sote tulimwita masere, alikuwa na ulimi mkali. Mtoto akipungua uzito, masere alimgombeza mama yake mbele ya wenzake, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, na wenzake waliangalia chini ili zamu yao isifike haraka. Mama yangu aliambiwa mara nyingi kwamba yeye ni mama mbaya. Alirudi nyumbani na kukaa jikoni bila kuwasha moto. Mimi nilikuwa mtoto, lakini niliona kwamba neno lile lilikuwa limekaa ndani yake kama mwiba wa samaki.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mama zetu walikuwa wakiwatafunia watoto wanaoachishwa ziwa. Mama alichukua kipande cha nyama, akakitafuna mpaka kikalainika, akakitoa kwa vidole na kukitia mdomoni mwa mtoto. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Mtoto hana meno, mama anayo, basi. Masere alikataza, akisema ni uchafu, na kwa sababu alikataza kwa dharau, kina mama waliendelea kwa siri na kwa kiburi kidogo. Nilimwona mama akimtafunia Prosper, naye Prosper akimtazama mdomoni kwa hamu, akipiga magoti yake kwa viganja. Niliona ni jambo zuri. Mpaka leo naliona ni jambo zuri, kati ya mama na mwanawe. Kikulacho ki nguoni mwako, na yule mtu aliingia kwetu kupitia hapo hapo, kupitia kitu tulichokipenda.

Jina lake la ubatizo alikuwa amelitupa. Watu walimwita Mulezi, na maisha yake yalisimuliwa kwenye bomba la maji, sokoni, na hata kwenye foleni ya posho. Walisema alizaliwa kijijini mbali, akasoma kidogo misheni, akafukuzwa kwa kuuliza maswali, akaja mjini kufanya kazi ya upishi nyumbani kwa Wazungu na baadaye kiwandani. Siku moja chuma kilimwangukia taya. Akalazwa hospitali, kichwa kimefungwa bendeji, hawezi kula, anakonda, daktari amemkatia tamaa. Ndipo bibi kizee mmoja akaja kando ya kitanda chake, bibi ambaye hakuna mgonjwa mwingine aliyemwona, akamtafunia nyama na karanga na kumlisha kama kitoto. Alipopona, bibi alimwambia aende akawatafunie wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake. Aliisimulia vizuri mno, nami nakiri kwamba hata sasa, nikiisimulia kwa chuki yote niliyo nayo, kuna mahali sauti yangu inalegea. Laghai asiye na kipaji hampati hata kuku.

Alikaa pembeni mwa mji wa Waafrika, kwenye nyumba yenye ua mpana. Msidhani alikuwa mzee wa matambara na hirizi. Alikuwa mtu wa kisasa. Alivaa suti nyeupe, alikuwa na saa ya mkononi, baiskeli yenye kengele mbili, na gramafoni aliyoifunika kwa kitambaa cha kufumwa. Meno yake yalikuwa makubwa, meupe, yamepangwa kama matofali ya kambi yetu, na aliyasugua kwa unga wa mkaa mbele ya watu wote, polepole, akitema ndani ya beseni ambalo mwanamke mmoja alilishika kwa mikono miwili huku amepiga magoti. Kisha mwanamke yule alilibeba beseni lile bila kumwaga tone. Sitasema lilikwenda wapi. Wengine wanakula wakisoma.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi, na ndiyo maana yalisambaa kutoka kambini kwetu hadi Sakania, kwa watu wa reli. Alisema watu wazima wanaugua kwa sababu wanajitafunia wenyewe. Alisema neno la Mungu ni gumu kama mfupa, wenye meno ya kulivunja ni wachache, na wengine wote wafungue midomo wameze. Alisema mapadri wanatupa mfupa mzima kwa Kilatini, watu wanavunja meno bure. Wafuasi wake hawakuamua jambo bila yeye. Ndoto, ugomvi wa ndoa, safari, jina la mtoto, vyote vilipelekwa kwake; alifumba macho, akachezesha taya kana kwamba anatafuna, kisha akatoa jibu. Na juu ya yote alifundisha kwamba dhambi ya kwanza ya mwanadamu si kula tunda. Dhambi ya kwanza ni kinyaa. Adamu alijificha, alisema, kwa sababu alianza kuuonea mwili wake kinyaa. Mwenye kinyaa hampendi Mungu. Watu wazima, mafundi wenye akili, waliokuwa wakijua kutofautisha shaba nzuri na mbaya kwa kutazama rangi ya moto, waliitikia kwa vichwa na kusema ni kweli.

Aliyempeleka mama kule alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Béatrice, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na masikio ya kupokea kila kitu. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, pale mlangoni alipoingia akiwa na kanga yake mpya.

“Mama Honorine,” alisema, “utalia mupaka lini? Kuya tuende kwa Mulezi. Kule hakuna kupima mutoto. Hakuna kukugombeza.”

“Baba Honorine atakatala,” mama alijibu.

“Baba Honorine iko ku kazi. Tutarudia mbele ya sirene ya kazi.”

Mama alimtazama Prosper, ambaye juma lile alikuwa ameharisha. Mfa maji haachi kutapatapa. Akajifunga kitambaa kichwani, wakaenda, na aliporudi uso wake ulikuwa umekunjuka kuliko nilivyowahi kuuona. Mulezi alikuwa amemshika mkono na kumwambia, “Mama, haukukosa kintu.” Hilo tu, kwamba hana kosa. Watoto wake wawili walikuwa udongoni, na hakuna mtu, si padri, si masere, wala baba, aliyekuwa amemwambia maneno hayo. Namchukia mtu yule hata leo, lakini siwezi kusema kwamba mama alikwenda kwa upumbavu. Alikwenda kwa sababu lilikuwa duka pekee lenye bidhaa aliyoihitaji.

Baadaye kidogo alinipeleka na mimi. Uani watu walikaa kwenye mikeka, wanawake mbele, wanaume nyuma, baadhi wakiwa bado na masizi ya tanuri mikononi. Karanga zilikuwa zinakaangwa kwenye mkaa pembeni, pamoja na vipande vya nyama iliyotoka kwenye posho za watu. Mulezi aliketi kitini. Alitia mdomoni nyama na karanga na pande la bukari, ugali wetu, akafumba macho, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, taya likizunguka taratibu kama la mbuzi aliyelala kivulini, na uani hapakusikika kitu isipokuwa kutafuna kule. Kulikuwa na mlio mdogo wa unyevunyevu. Kisha alitema katika kiganja, akaviringa tonge kwa vidole viwili na kulitia katika mdomo uliokuwa karibu. Uzi wa mate ulivutika kutoka kidoleni hadi mdomoni, ukang'aa juani, ukakatika. Mwanamume mwenye ndevu, ambaye nilimjua kwa sababu alikuwa akifanya kazi na baba, alifungua kinywa kama kifaranga, akameza, akalia machozi ya furaha. Kila mmoja alipewa. Vidole havikuoshwa.

Zamu yangu ilipofika mama alinisukuma mgongoni. Nilimwona kwa karibu: ngozi laini, marashi, na kwenye kona ya mdomo wake povu jeupe lenye maganda ya karanga.

“Huyu njo Honorine,” alisema. Alijua jina langu kabla sijaambiwa nilitaje, na hapo nikaogopa. “Honorine, mutoto anaulizaka mama yake: mu tonge muko nini? Hapana. Anafungula mudomo, anameza, anakomea, anakuwa mukubwa. Fungula, mama.”

“Fumba macho,” mama alininong'oneza. “Usinipatishe haya.”

Nilifumba. Nilifungua. Kitu kilichoingia kilikuwa cha vuguvugu. Laiti kingekuwa cha baridi, au cha moto wa jikoni, pengine ningeweza. Lakini kilikuwa na joto la ndani ya mtu. Kilikuwa kimekwisha kuonjwa, kimekwisha kuamuliwa, ladha yote imenyonywa, kimebaki utelezi. Ulimi wangu uliruka nyuma. Nilitapika pale pale, juu ya suruali yake nyeupe na viatu vyake vyeupe, nikatapika na uji wa asubuhi, na nilipofikiri nimemaliza nikaona lile tonge limekaa juu ya kiatu chake, zima, nikaanza upya.

Watu walipiga kelele kana kwamba nimemchoma kisu. Mulezi hakukasirika. Alitabasamu kwa meno yale, na tabasamu lile lilinitia kinyaa kuliko tonge. “Muachie,” alisema. “Huyu anatakaka kula na meno yake mwenyewe. Atakula duniani, ataona njala ku mbingu.” Kisha akamgeukia mama. “Lakini huyu mudogo iko safi. Yeye hajue bado kinyaa. Umuletaka kila siku.” Prosper, mgongoni mwa mama, alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Alizoea kutafuniwa. Alipokea tonge akapiga viganja, na uani kote watu walicheka kwa upendo.

Tangu siku ile niliachwa nje ya ua. Mama aliona haya kwa ajili yangu, na Mama Béatrice aliniombea kwa sauti ili nisikie. Nilijaribu kumweleza baba. Baba alikuwa ananawa masizi, akacheka mpaka maji yakamwingia puani. “Ulimutapikia? Eh, mutoto wangu!” Kisha akajifuta uso. “Ile iko mambo ya bamama. Leka bajifurahishe kidogo. Padri akijua, atabafukuza yeye mwenyewe.” Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda kuamini kwamba kuna mwingine atakayefukuza. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na baba yangu alimchelea mkewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anaimba jikoni.

Kiangazi kikaendelea. Nilipokuwa nimekaa nje ya ua, mbele ya lango lililokuwa wazi, nikichora vumbini, nilianza kusikia kitu ambacho waliokuwa ndani hawakukisikia, au hawakutaka. Mulezi alikuwa anakohoa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Baadaye kilikuwa kirefu, kinachotoka chini, na kati ya kutafuna na kutema alisimama, akakohoa ndani ya kiganja kile kile, akakifuta kwa kitambaa, akaendelea. Wafuasi walifundishwa kwamba anakohoa dhambi zao. Alikonda, suti ikamning'inia. Kisha, sijui ni kwa ugonjwa ule au kwa taya lile la zamani, meno yake yakaanza kulegea. Jino la kwanza lilitoka pamoja na tonge, mdomoni mwa mwanamke mmoja, na mwanamke yule hakulitema. Alilifunga kwenye pindo la kanga na kwenda nalo nyumbani akishangilia. Baada ya hapo watu waligombania kukaa mbele. Nawaambia nilichokiona: watu wazima waliobatizwa, wakinyoosha vinywa, kila mmoja akiomba Mungu ampe jino.

Prosper naye akaanza kukohoa. Magoti yake yakawa makubwa kuliko mapaja. Alipata joto kila jioni, na mama akambandika majani kifuani na kumvalisha fulana ya baba ili mbavu zisionekane. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kiliniki hakumpeleka, kwa sababu angepimwa, na masere angesoma uzito kwa sauti. Alimpeleka kwa Mulezi. Mara mbili nilikataa kumpisha mlangoni, nikamwambia, “Mama, ule muntu iko mugonjwa, anamutemea Prosper kikohozi,” na mara zote mbili alinisogeza kwa upole, bila kunipiga. “Ni kinyaa yako inasema,” aliniambia. “Haiko wewe.”

Baba alijua siku alipotoka kazini mapema kwa sababu tanuri lilikuwa limezimwa kwa matengenezo. Alimchukua Prosper amrushe juu kama alivyozoea, na mtoto akapanda juu mno, kwa wepesi, hata baba akashtuka alipomdaka. Akamvua ile fulana. Nakumbuka jinsi alivyosimama akiishika mkononi.

“Umekuwa unamupeleka kwa ule Mulezi?”

Aliyejibu ni mimi. Nilisema yote, pamoja na damu niliyoiona kwenye kitambaa cha Mulezi.

“Kila siku,” baba alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mama, “kila siku unapeleka mutoto wangu ku mudomo ya mugonjwa?”

“Ku kilinike banasema miye mama mubaya,” mama alisema. “Kwa Mulezi hakuna muntu ananiambia vile.”

Baba hakumpiga. Alimfunika Prosper kwa koti lake la kazi na kukimbia naye hospitali, mimi nyuma yake na mama nyuma yangu, miguu mitupu. Daktari aliweka sikio lake kifuani mwa mtoto, akauliza ni nani nyumbani anayekohoa damu. Hakuna, baba alisema, kisha akaketi sakafuni. Prosper alikaa hospitalini wiki chache. Alikuwa ananitazama mdomoni kila nilipokula kitu kando ya kitanda chake, kwa hamu ile ile ya zamani, lakini viganja vyake havikuwa tena na nguvu za kupiga magoti. Alikufa kabla mvua ya kwanza haijanyesha.

Mulezi alikuja matangani. Alikuja na baiskeli, akisukumwa na vijana wawili kwa sababu hakuweza tena kuiendesha, na watu wakampisha. Suti nyeupe, mdomo umeingia ndani kama wa bibi kizee. Alipiga magoti mbele ya mama aliyekuwa ameketi chini, akasema, “Mungu amekatafuna kale katoto, amekameza. Usilie. Kulia iko kinyaa kwa Mungu.” Kisha akatia karanga mdomoni. Mbele ya jeneza la ndugu yangu alitia karanga mdomoni, akazisaga kwa fizi, akatema kiganjani na kunyoosha vidole kuelekea mdomo wa mama. Na mama akaufungua. Baba alishika mkono ule kabla haujafika. Aliukunja mpaka tonge likaanguka vumbini, akamwinua Mulezi kwa kola, akamtoa nje na kumweka juu ya baiskeli yake, taratibu, kama mtu anayeondoa uchafu asiotaka umrukie. Kuku akaja akalila lile tonge. Watu walishangaa ukimya wa baba. Mimi nilimtazama kuku, nikasema moyoni kwamba sitakula kuku wa jirani tena, na sikula.

Haukupita muda mrefu serikali ya Wabelgiji ikamkamata, si kwa ajili ya Prosper, maana mtoto wa mfanyakazi mweusi hakuwa kesi, bali kwa kukusanya watu bila kibali. Akapandishwa treni. Alikufa huko alikopelekwa, na wafuasi wakasema hakufa, ametafunwa. Wengi waliokaa mikeka ya mbele walizikwa mwaka uliofuata, kila mmoja na kikohozi chake, na Mama Béatrice alikuwa miongoni mwao. Mama yangu hakuugua, sijui kwa nini. Alirudi kanisani. Hakumtaja Mulezi tena, wala Prosper, kwa muda wote nilipokuwa msichana, nilipoolewa, nilipozaa. Wanangu niliwapondea chakula kwenye kinu kidogo cha mbao. Wakwe walinicheka, wakaniita masere.

Mama aliishi mpaka akazeeka sana, nami nikamleta kwangu. Alikuwa hana jino hata moja. Siku moja nilimpikia nyama, akaigeuzageuza mdomoni, akaitoa na kuniangalia.

“Unitafunie kidogo, mama,” aliniambia, kwa namna wazazi wetu wanavyowaita binti zao.

Nilisimama. Nilimpenda mama yangu, na ulimi wangu uliruka nyuma kama uani kule. Nikaenda kuchukua kinu. Nilipokuwa naponda nilimsikia anacheka kidogo.

“Mupaka leo uko na kinyaa yako.”

“Ndiyo, mama.”

“Uichunge,” alisema. “Kama miye ningekuwaka nayo, Prosper angekuwa muzee leo.”

Sikuacha kuponda, kwa sababu ningeacha ningelia, na nyama isingelainika. Kisha alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kitu kidogo cha njano akakiweka mezani. Nilikijua kabla hajasema. Alikuwa amelibeba jino la yule mtu miaka yote ile, katika misa, katika arusi yangu, katika kuwabeba wanangu. “Ulitupe,” aliniambia. Nililishika kwa jani la mgomba, nikalipeleka chooni, nikalisikia likidondoka. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ikauma. Niliporudi nilimlisha nyama kwa kijiko, naye akala yote.

Leo wenye suti nyeupe wamejaa mjini kuliko maduka ya dawa. Hawatafuni karanga tena. Wana vipaza sauti, mabango, na chupa. Mjukuu wangu Nadège anakaa mtaa wa Hewa Bora, anasali kwa mmoja wao, na juzi alikuja na mwanawe mgongoni, mtoto anaungua kwa homa. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ambayo nabii wake ameyaombea, na aliniambia kwa furaha kwamba ameyaombea kwa kuyatemea. Mtoto alikuwa anywe hapo hapo, mbele yangu, nipate baraka. Nilitaka kupiga kelele. Nikakumbuka masere, na kelele zake zilivyompeleka mama yangu kule. Kwa hiyo nilimwambia Nadège kwamba yeye ni mama mzuri, na homa si kosa lake. Machozi yakamtoka. Kisha nikamwomba afungue chupa anuse, kabla ya kumnywesha mtoto, anuse tu.

“Bibi, ni maji.”

“Nusa.”

Akanusa. Nikaona pua yake ikikunjika, kisha mdomo, kisha uso mzima, uso ule ule niliokuwa nao mimi mbele ya kiatu cheupe. Akaweka chupa chini, mbali na mtoto, na mimi nikaenda kutafuta viatu vyangu ili twende hospitali.